Muhtasari wa Kikao cha Pili

Niliambiwa niandike yaliyosemwa tu.
Kwa hiyo sikuandika joto la bati la darasa,
wala unga wa salfa kwenye nywele za Mfaume
aliyekuja moja kwa moja kutoka shambani,
mashine ya kupulizia mgongoni kama mtoto.

Ajenda ya kwanza: njia ya pili ya kurukia.
Mhandisi alitandaza ramani juu ya madawati mawili,
akaibana pembe kwa chaki na chupa ya maji.
Mtaa wetu wa Nandope ulikuwa mstari wa penseli.
Alisema mstari huo ni mita elfu mbili na mia nane,
na kwamba ndege kubwa haijui kukunja miguu.
Watu walicheka. Kicheko nacho sikukiandika.

Litumbe wa bodaboda alisimama wa kwanza:
"Tumechoka kuitwa watu wa kusini
kama vile kusini ni ugonjwa.
Korosho inatoka hapa ghafi, inarudi imekaangwa,
kwenye pakiti yenye bendera ya watu.
Leteni ndege. Hata kesho."
Niliandika: *Mjumbe aliunga mkono.*

Hawaje akauliza, "Hiyo ndege ikishuka, nani anapanda?"
"Kila mwenye tiketi," akajibu mhandisi.
Akanigeukia mimi:
"Andika. Hawaje kauliza, kajibiwa tiketi."

Ndipo Bi Somoe Nampemba akainuka kwa awamu,
kwanza mkono, kisha goti, kisha sauti.
"Mthamini kahesabu mikorosho yangu, kapata kumi na saba.
Ni kweli. Sigombani na hesabu.
Ila andika na majina.
Wa kisimani ni Mahari, ndio uliomwozesha Chilumba.
Uliopinda ni Karo: umesomesha wawili, wa tatu ukachoka.
Wa mpakani ni Kesi, na usiniulize.
Na ule mchanga, haujazaa, sijaupa jina.
Nilikuwa nasubiri nionje bibo lake la kwanza."

Mtendaji akagonga meza:
fomu ina kisanduku kimoja,
na kisanduku kinataka idadi.
Nikaandika 17.

Sikusema, maana katibu hasemi,
kwamba mwaka juzi, masika, barabara ilipokatika,
mtoto wa dada yangu, midomo imegeuka zambarau,
alipandishwa kindege kwenda Muhimbili,
na leo yuko darasa la pili, anaruka kamba
mpaka majirani wanalalamika.
Wala sikusema kwamba ndani ya ule mstari wa penseli,
kwenye mita ya elfu moja na kitu,
yupo mama aliyemzaa,
amelala ubavu wa kulia, uso kibla.
Kaburi nalo lina kisanduku chake.
Nimekiona. Ni kidogo kuliko cha mnazi.

Kura: thelathini na moja wanataka,
ishirini na tisa hawataki.
"Na katibu je?" akauliza mhandisi.
"Katibu hana kura," akasema mtendaji.
Nikashukuru,
kisha nikaichukia ile shukrani njia nzima hadi nyumbani.

Mengineyo: hakuna.
Kikao kilifungwa saa nane na dakika kumi.

Sasa ni usiku, naandika nakala safi.
Umeme umekatika mara mbili, huku mji umekalia gesi;
hilo nalo si la kikao.
Nimefika ukurasa wa tatu, penye 17,
na mbele yake, kwa herufi za kubana, nimetia
Mahari, Karo, Kesi,
na mengine kumi na matatu niliyoyafuata kwake baada ya magharibi,
akiyataja huku anamenya ming'oko, bila kuniangalia.
Ule mchanga nimeuachia nafasi.

Mtendaji atakuja asubuhi na muhuri.
Husaini ukurasa wa mwisho tu.