Kibaba cha Bi Nyevu

Nina chupa saba za maji, za bati, zimevikwa sufu
iliyoliwa na nondo upande mmoja.
Nina shanta mbili, beleshi la kukunja,
dira isiyoijua tena kaskazini,
na mkanda wa ngozi ambao Rukiya, mke wangu,
juzi aliufungia mlango wa jikoni usigonge kwa upepo.
Nikaufungua, bila neno.
Akaufunga tena, bila neno.

Vyote vya Mtaliano.
Vilitekwa kule Uhabeshi
na watu waliotoka hapa na shuka moja
wakarudi na shuka moja, na chombo cha mtu.

Babu alirudi na bizimu. Bizimu tu, mkanda hana.
Likakaa kwenye kikombe cha miswaki miaka na miaka,
likiota kijani.
"La adui," aliniambia.
Nikamwuliza, alikuwaje huyo adui?
Akasukutua, akatema, akafuta kidevu.
"Mfupi," akasema.

Basi nikaanza kutafuta yaliyobaki ya yule mfupi.
Nawajua wapima vyuma chakavu wote wa Shimanzi.
Msellem, ambaye mizani yake huiba robo kilo,
huniwekea kando kila kisichofanana na sufuria.
Huniuzia kwa uzito.
Vita kwake vina bei moja, isipokuwa shaba.

Lakini bakuli sikuwa nalo.
Bakuli la askari la kulia, la bati,
lenye tumbo lililobonyea kama korosho
lipate kulalia kiuno cha mwenyewe akitembea.
Miaka sita nalitafuta.
Jumamosi moja nimetumwa mbaazi, soko la Majengo,
nikaliona linapanda na kushuka mkononi mwa Bi Nyevu:
linazama guniani, linaibuka na kilima,
kiganja kinakikata kilima,
mbaazi zinanguruma mfukoni mwa mtu.

Niliomba nilishike.
Mpini wake ulikwishang'oka, umetiwa waya wa umeme mwekundu.
Ndani, chini kabisa, nilipopangusa vumbi kwa kidole,
jina la mtu, limekwaruzwa kwa msumari:
A, kisha L, kisha herufi zilizolambwa na kijiko
hata hazisomeki.
Na pembeni vistari vidogo, vimesimama kama meno ya kitana.
Kumi na tisa.
Siku? Barua? Wenziwe?

"Mimi nauza mbaazi," alisema Bi Nyevu.
Nikataja elfu mbili. Nikataja tano.
Nikamweleza kwamba ni la vita, lilitekwa,
ni la adui.

"Adui yupi?"
Aliligeuza, akalitazama
kama aliyesikia mwanawe akiitwa jina la mtu mwingine.
"Hiki ni kibaba. Mamangu alipimia hiki.
Mtaa mzima wajua kinashika kiasi gani,
hakuna anipunjaye wala nimpunjaye.
N'kikuuzia, kesho nitapimia nini,
na nani ataniamini?"

Nyuma yangu mtu akauliza:
"Bwana, wanunua au wahutubu?"

Nikanunua vibaba viwili.

Nyumbani nilizimwaga mezani, kati ya chupa na dira,
nikazikusanya kwa mikono miwili
nione kama zitashika lile umbo la korosho.
Mbaazi hazikumbuki chombo.
Zilikimbia, nyingine zikaingia chini ya kabati,
na Rukiya akapiga magoti kuziokota, akaziloweka,
asiniulize kitu.

Asubuhi tulizila kwa mahamri.
Nazi ilikuwa nzito, chumvi kidogo imezidi.
Sijui kwa nini nilikuwa nahesabu vijiko.
Kwenye cha kumi na tisa nikatua mkono.
Upepo ulikuja, ukausukuma mlango wa jikoni,
mkanda ukaushika.