Mpunga, Mchele, Wali

Januari ile, Tokamachi, theluji ililalia paa
kama mgeni asiyejua kuaga.
Nikapanda na sepetu. Miaka arobaini napanda.
Sepetu ilitua salama.

Daktari Munakata aliuchora uti wangu kwenye karatasi,
akaukata kwa kalamu nyekundu mahali padogo,
upana wa punje.
Akasema: tutachota uboho nyongani mwako,
tuzikuze seli zake maabara wiki kadhaa,
tukurudishie kwa dripu.
Akasema pia: huenda. Alilisema mara tatu, nilihesabu.

Mimi mkulima, kitalu nakijua.
Najua mche unavyotetemeka ukitolewa kwenye trei.
Nikamuuliza: seli hizo zinajuaje ziwe nini?
Akanyamaza, kalamu mdomoni.
Nikajijibu mwenyewe nikisukumwa kurudi wodini:
shambani ni mpunga,
ghalani ni mchele,
sahanini ni wali;
kitu kile kile, jina hulipata
kwa kazi ya mikono kilimopitia.

Dripu ilichukua saa moja. Mfuko mdogo,
rangi ya maji yaliyooshea mchele.
Fusae alikuja na kamera, akakosa cha kupiga.

Kesho yake alfajiri akaingia Wakana,
mtaalamu wa viungo, miaka ishirini na sita, viatu vya njano.
"Umeshapandwa," akasema. "Sasa palizi."
Akanifunga mkanda, akanisimamisha kati ya vyuma viwili,
goti langu akalishika
kama mtu azuiaye mlango kwenye upepo.
"Tena."
Jasho.
"Tena."
Machi nilimtukana. Akaliandika tusi kwenye chati,
chini yake: sauti ina nguvu.

Usiku nilikiita kidole gumba cha kushoto:
amka, weye. Kimya.
Jirani yangu wa kitanda, Bwana Hirose, dereva wa lori,
alitundikiwa mfuko kama wangu, akatoka jasho kunizidi,
akarudi kwao na kiti kile kile cha magurudumu.
Hili sijui niliweke wapi.

Mei, wenzangu wanapandikiza.
Fusae akanitumia picha ya shamba: mistari imepinda,
imepinda vibaya, nami nikaitazama mpaka skrini ikazima.
Asubuhi hiyo mguu mmoja haukuvishwa soksi.
Vyuma, mkanda, goti.
Hatua ya kwanza ya Wakana, ya pili ya vyuma,
ya tatu

"Baridi," nikasema.
"Nini baridi?"
"Sakafu."

Akapiga magoti, akakibonyeza kidole,
akabonyeza tena, mimi nikimwambia sasa, sasa, sasa,
mpaka ukumbi mzima ukageuka.

Ni mbegu au ni palizi?
Munakata hajui. Ameandika: huenda.
Mimi, baridi niliyoichukia maisha yangu yote
niliikanyaga pale, nisitake kubanduka.
"Nikuletee soksi?" akauliza Wakana.
"Ngoja," nikamwambia.
"Ngoja kwanza."