Kichomi

Kilinikuta Jumanne nikisoma imla,
Gredi ya Sita, Webuye, karibu na reli.
"Mvua ilinyesha usiku kucha—"
hapo, chini ya titi la kulia, msumari.
Watoto wakaandika mkato
mahali pasipo na mkato.

Nikajaribu pumzi ndogo, ya kukopa.
Ndogo ilipita. Kubwa iligonga msumari.
Kucheka sikuthubutu.
Chafya moja, kitenge kikapasuka mshononi.

Mama mkwe alisema ni baridi ya Nzoia,
akanikanda kwa majivu moto kitambaani.
Jirani, Nafuna, alisema ni moyo,
akanihesabia waliokufa na moyo, kwa majina.
Mimi nilisema ni gunia la mahindi la Jumamosi.
Wote watatu tulikuwa na hakika.

Tabibu Masengeli hakuwa nayo,
ndipo nikamwamini.

Kinachoma au kinabana?
Ukilalia upande huo, je? Ukiinama?
Umesafiri mbali juzi? Mguu umevimba?
Jasho la usiku?
Nikasita. Shuka zililowa tangu Pasaka,
nami nikilaumu blanketi.

Akanigeuza, akanigonga mgongo, kidole juu ya kidole,
kama fundi anayepima tangi la mvua:
juu, tupu, linaitika;
chini, zito, limenyamaza.
"Hapa pana maji," akasema,
"palipofaa kuwa na hewa."

Kwenye picha mbavu zangu ni ngazi nyeupe,
vipawa vitatu vya chini vimezama.

Akachora nyuma ya bahasha:
pafu limevikwa utando juu ya utando,
huteleza kama viganja vyenye mafuta.
Zikivimba, hukwaruzana kila uvutapo.
Pafu lenyewe halijui uchungu, Mwalimu.
Ni koti lake linalolia.

Kisha sindano, kati ya ubavu na ubavu.
Chupa ikajaa kitu kama chai ya rangi iliyopoa.
"Itakwenda maabara. Usikipe jina bado."

Leo Alhamisi. Jina halijarudi.
Nimefuata madaftari, nimeketi nje ya darasa,
barakoa usoni, mkono ubavuni.
Ndani, Lusike anasoma imla kwa niaba yangu,
sentensi nzima kwa pumzi moja,
anafika kwenye nukta
wala hajui kwamba amefika.