Aliyepona Yuko Foleni

Saa kumi na mbili na robo, getini hospitali ya Malindi,
mlinzi ananiuliza, kama kawaida: "Umemleta nani?"
Nimejileta.
Mimi, na faili lililofungwa kwa utambi wa kaniki,
maana klipu zilishindwa tangu mwaka juzi.

Nina miaka ishirini na mitatu.
Nilipokuwa na kumi na mmoja, damu yangu ilinigeuka.
Nikapelekwa Nairobi nimelala mapajani mwa mama,
nikarudi baada ya miezi kumi na tisa, sina nyusi,
na Muyeye nzima ikaja kunitazama kama bibi harusi.
Akachinjwa mbuzi. Wakasema: basi, yamekwisha.

Humu kuna foleni ya watoto, ukutani pamechorwa twiga.
Nesi ananiambia kwa upole, "Hapa umeshapapita, dada."
Kuna foleni ya wakubwa, ya sukari na presha.
Wazee wananisogelea, wananipa nafasi ya benchi,
halafu macho yao yanashuka tumboni mwangu,
yanatafuta, hayaoni kitu, yanarudi.

Nikiri.
Mwaka wa kwanza nilikuja kwa kila jambo.
Chunusi, nimekuja. Mafua, nimekuja.
Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka;
mimi hata uzi wa kusukia.
Usiku mmoja nilijipapasa shingo nikakuta kitonge,
tukapanda bodaboda mimi na mama, mvua inapiga.
Ilikuwa tezi tu, imevimbishwa na jino bovu.
Daktari Mwachiro alicheka,
kisha akaacha kucheka, akaandika kipimo cha damu.

Halafu nikachoka.
Bima ya baba ilinitoa nilipotimiza umri,
na mimi sasa ni msusi, pale Umazi Saluni,
mimi niliyekuwa na kichwa kama yai.
Siku moja ya kliniki ni vichwa vinne vimenipita,
na mwenye saluni hajui. Nitamwambia nini?
Miaka miwili na miezi minne sikukanyaga hapa.
Nilikuwa naruka hata barabara yake,
nazunguka sokoni, nanunua bizari nisiyoihitaji.

Kisha Buya akapiga simu kutoka Garsen.
Buya wa kitanda cha dirishani.
"Mbodze, unaikumbuka ile dawa nyekundu?"
Naikumbuka. Tulikuwa tukishindana
mkojo wa nani una rangi zaidi,
tukicheka mpaka dripu zinatikisika.
"Basi nilibeba mifuko mitatu ya saruji nikakaa chini.
Wamenipima. Moyo umelegea.
Nameza vidonge. Nenda kapimwe, usiwe mjinga."

"Unaumwa nini?" anauliza karani wa dirisha la pili.
Siumwi.
"Sasa umekuja kufanya nini?"
Nyuma yangu mtu anakohoa, mtoto analia, foleni inasukuma.
Nafungua utambi.
Karatasi zinajimwaga kaunta nzima, nyingine zina machozi ya mama,
nyingine chai.
Anasoma. Anaacha kutafuna.
"Ngoja Alhamisi," anasema, "ndipo fundi wa mashine ya moyo anapokuja."
Namwambia: leo ni Alhamisi.

Jeli ni baridi kifuani.
Chumba kina giza, fundi ananukia karafuu, hasemi.
Ghafla nausikia:
mtu amevaa mitawanda, anakwenda upesi upesi
kwenye ukumbi mrefu, anakwenda, anakwenda,
na mimi nimebana pumzi asije akasimama.

Ameandika mistari miwili. Sijui kuisoma.
"Daktari atakueleza. Lakini mwakani urudi."
Na mwaka wa pili?
"Na mwaka wa pili."

Nje jua limeshachoma lami.
Simu ina ujumbe wa mteja wa saa nne:
Nimeshafumua nywele zote, niko kama jini, uko wapi?
Nafunga faili, mafundo mawili.
Naandika: Njiani.