Kijito cha Ndani

Kiwambo cha sikio daktari wa Maskati kakitia kiraka,
kaniambia: kichwa usikitingishe.
Sikukitingisha.
Nyumba ndiyo iliyotingishika.

Tangu Jumanne naswali kitini.
Nikiinuka, ukuta wa ukumbini unanijia
kama mgeni aliyekosea mlango;
naushika, naomba radhi.

Salhina ananicheka: "Bibi, umelewa kahawa!"

Alasiri kanishika mkono hadi falaji ya Ibra.
Nimekaa ukingoni, miguu majini.
Maji haya hayajui kizunguzungu:
waliochimba waliyapimia mteremko
mwembamba kuliko unywele.

Nami sikioni nina kijito,
fundi kakigusa kidogo tu,
kimesahau njia ya shambani.

Nangoja.
Kushoto, kimya cha pamba.
Kulia, maji.