Nukta ya Saa Nane

Nyuma ya kitabu cha kalkulasi kulikuwa na majibu.
Miaka miwili nilisoma hivyo:
swali mbele, jibu nyuma,
na mimi katikati nikipapasa njia
ambayo mtu mwingine alishaipita.

Mwaka wa tatu Dkt. Bwire akanipa mzani,
kipande cha wavu, daftari lisilo na mistari,
akanituma Igombe kupima jinsi dagaa wanavyokauka.
"Jibu liko ukurasa wa ngapi?" nikatania.
Hakucheka. "Mimi pia silijui."
Ndiyo mara ya kwanza kumwona mwalimu asiyejua,
wala hakuona haya.

Saa mbili asubuhi, kilo mbili kamili.
Saa tatu, moja na gramu mia sita.
Saa nne, moja na mia tatu,
mkunjo ukiteremka kama ulivyochorwa ubaoni,
mtiifu, mpaka saa saba.
Saa nane dagaa wakawa wazito zaidi.

Nikautikisa mzani. Nikafuta jasho, nikafuta miwani.
Samaki aliyekufa tangu usiku,
amelala chanjani juani,
anapata wapi unene?

Usiku, hosteli ya Malimbe, niliikodolea macho nukta ile,
imekaa peke yake juu ya wenzake
kama jiwe la ziwani lililobebeshwa mgongoni mwa jingine.
Raba nilikuwa nayo mkononi.
Nukta moja kati ya kumi, nani angejua?
"Ifute tulale," akasema Ng'washi kutoka kitanda cha juu.

Sikuifuta.
Si kwamba nina uadilifu kuliko watu.
Ilikuwa imenikasirisha,
na aliyekukasirisha humwachii aondoke
kabla hujamjua jina.

Asubuhi nikarudi kuuliza.
Bi Nyanjige, mwenye chanja ya jirani,
akaziba mdomo kwa ncha ya kanga.
"Mwanangu, nilikuona jana,
unapima, unaandika, unapima,
na kila ukipima dagaa wako wanapungua.
Nikasema, mtoto wa watu huyu atadaiwa chuoni.
Ulipokwenda kula
nikakuongezea viganja viwili."

Nilicheka hadi nikakaa mchangani.
Kisha kicheko kikakatika.
Mlinganyo wangu ulikuwa na jua, upepo, muda;
haukuwa na Bi Nyanjige.
Siku nzima tumekaa hatua tano
na sikumwambia hata neno moja la ninachotafuta.

Nikamchorea grafu kwa kijiti.
Aliitazama kwa kuinamisha shingo,
kama mtu anayekagua samaki sokoni Mwaloni.
"Kumbe kupungua ndiyo faida yako."
"Ndiyo, mama."
"Basi niambie na mimi. Jiwe lina moto kuliko wavu,
mbona dagaa wa wavuni hutangulia kukauka?"

Nilifungua mdomo.
Miaka miwili ya hesabu ilipita humo
bila kuacha kitu.
Nikafungua ukurasa mpya,
nikaandika swali, na juu yake
jina la mwenye swali.

Baba, fundi cherehani wa Kirumba,
alipiga simu mwisho wa mwezi. "Umepata ngapi?"
Yeye amezoea maksi, kitu cha kuwatajia wateja.
Nikamwambia nimepata siku kumi na tisa za kuanza upya,
pua iliyobabuka,
namba moja, sifuri nukta tatu moja,
ambayo kabla yangu hakuna aliyeipima ufukweni hapa,
na swali la mama mmoja.
Nilisikia cherehani ikikimbia, ikasimama.
"Hilo swali lina malipo?"
"Bado, baba."
"Haya." Ikaanza tena kukimbia,
lakini polepole, na hakukata simu.

Kesho saa mbili niko Igombe
na vipimajoto viwili, kimoja cha jiwe, kimoja cha wavu.
Bi Nyanjige ndiye mshika saa.
Na chakula nitabeba,
nile palepale.