Shela hadi Kipungani, kwa Miguu

Siku ya nikaha tuligawana methali.
Mimi nikachukua ile ya haraka kukosa baraka,
Mwanahawa akaikwapua ile ya ngoja ngoja
akatoka nayo mbio, akaniacha ukumbini
natafuta kiatu cha pili.

Mimi ni fundi saa, Langoni, kibanda cha buluu.
Kutwa nimeinamia magurudumu madogo kama ufuta,
jicho moja nimelifumba, pumzi nimezibana.
Yeye hajapata kuvaa saa.
Anasema jua lipo, adhana ipo, njaa ipo,
ya nne ya nini?

Basi Jumamosi ile akasimama mlangoni,
buibui amelikaza kiunoni kama mtu aendaye kupigana:
"Ndoo! Twende Kipungani kwa miguu, tupite ufuoni,
si mbali, ni pua na mdomo."
Pua na mdomo za nani, nikauliza. Za tembo?
Lakini alishafika kona ya msikiti.

Nikafunga mkoba. Tochi mbili. Betri nne, na nne za akiba.
Sindano, uzi mweusi, uzi mweupe.
Dawa ya tumbo. Mwavuli. Kamba, dhiraa tatu.
Kadi za hospitali, yangu na yake.
Nikavihesabu mara mbili,
nikavihesabu tena nikitembea.

Shela tuliipita kabla ya saa tatu.
Kisha mchanga tu, mweupe, bila mtu wa kumwuliza.
Bahari ikajaa, ikatusukuma ndani kwenye vilima,
na huko kila kilima ni pacha wa mwenzake.
Yeye alivipanda vyote, ili aone.
Mimi nilivizunguka, ili nisianguke.
Tulikutana upande wa pili,
yeye anahema na kucheka,
mimi nimenuna, na saa yangu mkononi
inasema kweli isiyosaidia:
saa saba na dakika kumi na moja.

Kandambili yake ikakatika. Nikatoa sindano.
Nilishona nimepiga magoti, mshono wa mara mbili,
naye akanitilia kivuli
kwa mwavuli ule ule alioucheka asubuhi.
Nilijiona mfalme. Nikasema, waona?
Akasema, naona. Sasa nipe maji.

Niliufungua mkoba. Niliupekua. Niliumwaga mchangani.
Betri nane zikanitazama.

Mke mwingine angelia, au angemtaja mama yangu.
Mwanahawa aliinama, akakiinua kitu kwa ncha ya kijiti,
akakichunguza kama mnunuzi wa udi.
"Mavi ya punda," akasema. "Tena mabichi.
Penye punda pana mwenyewe,
na mwenyewe hanywi mchanga."
Nikaifuata, mimi mwana wa watu, njia ya mavi,
kilima kwa kilima, hadi kwenye ua wa makuti
ambako kijana mmoja, Bwanaheri, alitukatia madafu.
Dafu la kwanza halijesha, Mwanahawa keshajua
majina ya watoto watatu na maradhi ya punda.
Mimi nilikunywa. Nilikunywa kimya.
Kisha nikamtengenezea yule kijana redio yake
kwa betri mbili za akiba.

Sasa anawahadithia shangazi zake:
kiu ya siku nzima, nyoka watatu!
Nami pembeni nasahihisha: nyoka mmoja,
naye alikuwa kamba yangu.
Wanaangua kicheko. Yeye ananitupia jicho,
na jicho lile hunipotezea hesabu
hadi leo, mwaka wa kumi na tisa.

Jana usiku akasema: Ijumaa ijayo, Siyu.
Nikasema sitaki. Nikataja magoti. Nikataja mawimbi.
Kisha nikavuta daftari, nikaandika juu kabisa: maji,
nikalipigia mstari, mara mbili.

Asubuhi nimekuta chini yake,
kwa hati yake inayokimbia hata ikiwa imelala,
neno la pili:
halua.